Ndege Ndogo ya Umeme Katika Anga ya Nairobi: Jinsi ya Kuanza

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo moja linapaswa kumwongoza mtu anayetaka kuanza kurusha ndege za mfano za rimoti kuliko tangazo lolote la dukani. Hewa ya hapa ni nyepesi. Ukiilinganisha na hewa ya usawa wa bahari, ambayo watengenezaji wengi huitumia wanapopiga hesabu zao, yetu ina uzito wa karibu asilimia 80 tu katika siku yenye joto la wastani. Bawa linalopita katika hewa nyepesi hubeba kidogo, kwa hiyo ndege ileile hulazimika kwenda kasi zaidi, kwa kiasi cha asilimia 12 hivi, ili isidondoke, na propela nayo hushika hewa kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Anayeanza hahitaji kasi, anahitaji muda wa kufikiri. Ndiyo maana ndege ya kwanza ya mtu wa Nairobi inapaswa kuwa nyepesi na yenye bawa pana kuliko hata ile ambayo angeshauriwa kuichukua kama angekuwa akiishi Mombasa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mota ya umeme haipumui. Injini ndogo za mafuta hupoteza nguvu mahali palipoinuka kwa sababu zinahitaji oksijeni ili kuunguza mafuta, ilhali mota ya umeme hupata nguvu zake kwenye betri, na betri haijali iwapo iko Likoni au Limuru. Wazo lenyewe si jipya, kwani tangu mwaka 1957 Kanali Taplin alikwisha kurusha nchini Uingereza ndege ya mfano iliyoendeshwa kwa umeme na kuongozwa kwa redio, lakini betri za zama hizo zilikuwa nzito mno kwa mtu wa kawaida kuzifurahia. Betri ya lithiamu polima na mota isiyo na brashi ndizo zilizoufanya mchezo huu uwezekane kwa mtu mwenye meza moja na kona ya kuchajia.

Katika kuchagua ndege, tafuta yenye mabawa ya urefu wa mita 1.2 hadi 1.4 kutoka ncha hadi ncha, bawa likiwa juu ya kiwiliwili na ncha zake zikiwa zimeinuka kidogo kama mabawa ya mwewe anayeelea. Umbo hilo huifanya ndege ijinyooshe yenyewe ukiachia vijiti vya rimoti. Kisha piga hesabu moja rahisi ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi: zidisha urefu wa bawa kwa upana wake kwa desimeta, halafu gawanya uzito wa ndege iliyo tayari kuruka, pamoja na betri yake, kwa jibu hilo. Bawa la mita 1.2 lenye upana wa sentimita 20 lina desimeta mraba 24. Ndege hiyo ikiwa na gramu 800, kila desimeta mraba inabeba gramu 33. Kwa anayeanza hapa Nairobi mimi nisingevuka 35. Ndege za kivita zenye mabawa mafupi na rangi za kuvutia huvuka kiwango hicho kwa mbali, na ndizo ambazo wengi hununua kwanza, zikavunjika siku ileile, nao wakauacha mchezo wakiamini kwamba hawana kipaji.

Ndege huongozwa kwa vibao vinavyocheza juu ya mabawa na mkia. Kibao cha wima mkiani ni usukani, na kazi yake ni ileile ya usukani wa jahazi. Kibao cha ulalo mkiani, eleveta, huinua na kushusha pua. Vibao vya kwenye mabawa, eleroni, huilaza ndege upande mmoja au mwingine. Ndege nyingi za kujifunzia hutumia usukani, eleveta na nguvu ya mota tu, bila eleroni, na hizo zinatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo. Ukipata yenye eleroni pia, haina ubaya, mradi bawa liwe pana na jepesi.

Ndani ya kiwiliwili mna kipokezi kinachopokea mawimbi ya rimoti, sevo zinazosukuma vibao kwa vijiti vyembamba vya chuma, na kidhibiti mwendo kinachoamua ni umeme kiasi gani uende kwenye mota. Rimoti za siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na huunganishwa na kipokezi chake pekee, hivyo ile hatari ya zamani ya jirani kuwasha rimoti ya chaneli moja na yako imekwisha. Hata hivyo kuna mpangilio mmoja ambao lazima uufanye kwa mkono wako mwenyewe: hakikisha kwamba mawasiliano yakikatika mota inazimika. Ondoa propela, iwashe ndege, ongeza nguvu ya mota kidogo, kisha zima rimoti. Mota ikiendelea kuzunguka, rudi kwenye kitabu cha maelekezo na usitoke nyumbani mpaka uirekebishe.

Wengi huuliza kama wanunue au waunde. Ushauri wangu ni kununua ya kwanza na kuunda ya pili, kwa sababu aliyeunda ndege kabla ya kuijua ndege iliyo sawa hawezi kutambua kama kosa liko mikononi mwake au kwenye mabawa. Lakini tangu siku ya kwanza jifunze kulehemu nyaya na kuunga povu lililovunjika. Nyaya, plagi, risasi ya kulehemu na mipira ya kufunika viungo hupatikana katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, na bodi za povu zenye karatasi pande zote mbili, za unene wa milimita 5, huuzwa na wenye maduka ya vifaa vya kuchorea na kuandikia. Jihadhari na gundi. Gundi kali ya tyubu ndogo huyeyusha lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, lakini haiyeyushi povu gumu zaidi ambalo ndege nyingi za dukani hutengenezwa nalo, kwa hiyo itie kwanza kwenye kipande kisicho na kazi na usubiri.

Hapa tunarudi kwenye ile hewa nyepesi. Tuseme maelekezo yanataka propela ya 9 kwa 6, yaani kipenyo cha inchi 9 na msukumo wa inchi 6 kwa kila mzunguko. Kwa kuwa hewa yetu inaipa mota mzigo mdogo kuliko ilivyotarajiwa, ndege itapanda kwa uvivu hata ukifungulia nguvu zote. Mara nyingi propela ya 10 kwa 5 hurudisha hali kuwa karibu na ile iliyokusudiwa, kwa kuwa inazoa hewa nyingi zaidi kwa mwendo wa taratibu. Usiibadilishe kwa kubahatisha, bali nunua kipima wati, ambacho huunganishwa kati ya betri na kidhibiti mwendo, ishikilie ndege vizuri kutoka nyuma, fungulia nguvu zote kwa sekunde tano na usome. Ndege ya gramu 900 itapanda vizuri ikiwa na wati 150 hadi 180, na kidhibiti cha ampea 30 kinachopitisha ampea 15 au 16 kitaishi muda mrefu. Hakikisha pia kwamba propela mpya haigusi chini wala kiwiliwili.

Betri inastahili kuandikwa kwa kirefu, kwa sababu ndicho kifaa pekee katika mchezo huu kinachoweza kuteketeza nyumba. Betri ya lithiamu polima ya seli tatu huandikwa 3S na volti 11.1. Kila seli hujaa ikifika volti 4.2, kwa hiyo betri nzima iliyojaa husomeka volti 12.6, na seli ikishushwa chini ya volti 3.0 hudhurika bila kupona. Tumia chaja inayosawazisha seli pekee, na uchaji kwa kiwango kinacholingana na ujazo: betri ya miliampea-saa 2,200 ichajiwe kwa ampea 2.2, nayo itachukua takriban saa moja. Kabla ya kubonyeza kitufe, soma kwenye kioo cha chaja aina ya betri na idadi ya seli, kila mara, hata kama uliichaji jana. Umeme ukikatika na kurudi, soma tena.

Katika nyumba za ghorofa tunazoishi wengi wetu, mahali pa kuchajia si kitandani, si kwenye kochi, wala si karibu na pazia. Mimi huweka betri ndani ya chungu kipana cha udongo kilicho juu ya sakafu ya vigae, na kando yake kuna ndoo ndogo ya mchanga mkavu. Nakaa chumba hichohicho mpaka imalize, wala sichaji usiku nikiwa nimelala. Betri iliyovimba kama andazi haichajiwi tena hata kama inaonekana kufanya kazi. Imalize chaji yake polepole nje ya nyumba kwa kuiunganisha na taa ya gari ya volti 12, kisha ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kama ndugu yako anakuletea betri kutoka nje ya nchi kwa ndege, aibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia shehenani.

Kuhusu sheria, anga ya Kenya inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo wengi huiita KCAA, na vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake vina kanuni zake za mwaka 2020. Nenda ukaulize ni idhini gani unayohitaji kabla hujaagiza ndege kutoka nje na kabla hujairusha, kisha uwe na jibu lililoandikwa. Tazama pia ramani. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, Wilson uko karibu na Lang'ata, na kambi ya jeshi la anga iko Eastleigh, kiasi kwamba ni mitaa michache ya jiji iliyo mbali na njia za ndege zenye watu ndani. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi nayo, ingawa ni wazi na inavutia, si mahali pake. Kwa hiyo elekea nje ya jiji, upande wa Kamulu na Joska kwenye barabara ya Kangundo, au kusini zaidi ya Kitengela kuelekea Isinya, na umtafute mwenye shamba umwombe ruhusa. Hata huko, ndege ndogo zenye watu ndani hupita chini chini. Ukisikia mngurumo wowote angani, teremka. Mimi sipandi zaidi ya mita 120, na kwa ndege ya povu ya mita 1.2, hata mita 60 tayari ni mbali kwa macho.

Uwanja unaofaa una angalau mita 150 za wazi kila upande, hauna nyaya za umeme, na migunga iko mbali. Nyasi ndefu ni rafiki wa anayeanza. Baada ya mvua za masika udongo mweusi wa nyanda hizo hunata kwenye viatu na magurudumu kama ugali, hivyo ni vyema ndege ya kwanza irushwe kwa mkono na itue kwa tumbo. Wafugaji wakiwa karibu, waamkie na waeleze unachotaka kufanya, kwa maana ng'ombe hushtuka. Watoto watakuja tu. Waombe wasimame nyuma yako, kamwe wasiwe mbele ya propela.

Kabla ya kwenda uwanjani, ndege ipimwe mizani. Hili ni jambo la dakika tano, lakini sijui lingine linaloamua mengi zaidi. Weka betri mahali itakapokaa, pima kutoka ukingo wa mbele wa bawa kurudi nyuma kwa robo ya upana wake au zaidi kidogo, na utie alama kwa kalamu chini ya kila bawa. Kwa bawa la sentimita 20, alama itakuwa kwenye sentimita 5 hadi 6. Iinue ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja kwenye kila alama. Ikitulia pua yake ikiwa sawa na mkia, au pua ikiinama kidogo tu, iko tayari. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele mpaka mkia uinuke, na kama nafasi haitoshi, bandika uzito mdogo puani. Ndege yenye mkia mzito huinua pua yake yenyewe, hupoteza mwendo na kudondoka, na hakuna ustadi wa anayeanza utakaoiokoa.

Baada ya mizani, pima uelekeo wa vibao. Nilijifunza hili kwa hasara. Jioni moja nilibadilisha sevo ya bawa iliyokuwa imeungua, nikaifunga vizuri, nikaona vibao vinacheza, nikaridhika. Asubuhi yake huko Kamulu mpwa wangu aliirusha ndege ikatoka vyema mkononi mwake, bawa la kushoto likashuka kidogo, nami nikaleta kijiti kulia ili kulinyanyua. Likashuka zaidi. Nikazidisha kulia, na ndege ikabingirika na kupiga pua chini kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Alipoiokota, kijana aliishika kwa nyuma, akaniomba nisogeze kijiti, akasema kwa upole, "Mjomba, zinaenda kinyume." Tangu siku hiyo nasimama nyuma ya ndege kila kabla ya kuirusha na kupima kwa macho: kijiti kikienda kulia, eleroni ya kulia lazima iinuke na ya kushoto ishuke, kijiti kikivutwa kwangu, eleveta lazima iinuke, usukani ukienda kulia, ukingo wake wa nyuma uelekee kulia. Kuona kibao kinacheza hakutoshi.

Vidole vinahitaji mazoezi ambayo hayavunji kitu. Zipo programu za kompyuta zinazoigiza urukaji, nyingine za bure, na rimoti nyingi huunganishwa nazo kwa waya. Saa kumi za programu hizo, zikigawanywa katika jioni nyingi fupi, zitakuzoesha lile linalowashinda wote mwanzoni: ndege ikikujia, kulia kwake ni kushoto kwako. Njia iliyonisaidia ndege inaponijia ni kutokufikiria pande kabisa, bali kupeleka kijiti upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaweka nguzo chini yake. Fanya hivyo mpaka mkono utangulie akili.

Siku ya kwanza, uwe uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati nyasi bado zina umande na moshi wa jikoni za mbali unapanda wima. Upepo wa nyanda hizi huamka kadiri jua linavyopanda, na kufikia saa nne hewa yenye joto huanza kupanda kwa vishindo. Utaona mwewe na korongo wakizunguka bila kupiga mabawa. Hiyo ni ishara ya kufunga vifaa, maana hewa inayombeba korongo itaichukua ndege ya povu bila kukuuliza, na mwewe wenyewe wakati mwingine huishambulia.

Washa rimoti kwanza, ndipo uunganishe betri ya ndege. Wakati wa kuzima, tenganisha betri kwanza. Tembea hatua 30 ukiwa umeweka rimoti kwenye hali ya kupima umbali wa mawasiliano, uone kama vibao bado vinatii. Simama ukiutazama upepo, fungulia nguvu robo tatu, na mwenzako airushe ndege kwa msukumo ulionyooka, mabawa yakiwa sawa na pua ikielekea upeo wa macho, wala asiitupe juu kama jiwe. Iache ipande taratibu, na usikate kona kabla haijafika urefu wa mnazi mmoja na nusu. Endelea kupanda mpaka mita 40 au 50, punguza nguvu hadi nusu, kisha uachie vijiti uone inavyokwenda. Ikivuta upande mmoja, irekebishe kwa vitufe vidogo vilivyo kando ya vijiti, kimoja baada ya kingine, mpaka iende yenyewe.

Kisha zunguka kwa upole, mbele yako kila wakati, bila kuipitisha juu ya kichwa chako. Katika kona, ndege hushuka kidogo, hivyo vuta eleveta kiasi, lakini usiivute sana wakati mwendo ni mdogo: hapo bawa huacha kushika hewa na upande mmoja huanguka ghafla, na katika hewa ya Nairobi hilo hutokea kwenye mwendo ambao macho yanaona bado ni wa haraka. Likitokea, sukuma kijiti mbele, ongeza nguvu, subiri mwendo urudi, ndipo uinyanyue.

Weka saa ilie dakika ya sita. Saa ikilia, anza kutua mara moja hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu unataka betri iwe na nguvu za kukuwezesha kuzunguka na kujaribu tena ukikosea. Peleka ndege upande upepo unakoelekea, igeuze ije dhidi ya upepo, na punguza nguvu polepole ishuke kama ngazi isiyo na mwinuko mkali. Ikifika urefu wa kiuno, zima mota kabisa, shikilia mabawa yawe sawa, na vuta eleveta kidogo kidogo mpaka nyasi ziipokee. Usijitahidi itue miguuni pako. Kutembea mita 100 kuifuata hakuvunji chochote.

Ukishaiokota, tenganisha betri na uipime baada ya dakika kumi. Kila seli ikisoma volti 3.7 au zaidi, muda wako ulikuwa sahihi. Ikiwa chini ya hapo, punguza dakika moja safari ijayo. Kagua propela kwa kupitisha ukucha kwenye ukingo wake, na yenye ufa, hata mdogo kama unywele, ivunje hapohapo ili isirudishwe kwa bahati mbaya. Betri ambazo hutatumia wiki hiyo zirudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli (chaja nyingi zina mpangilio wa kuhifadhi unaofanya hivyo wenyewe), kisha ziweke kwenye chungu chao.